Kandambili Jozi Moja

“Mama Rehanun, miaka kumi na mmoja unafagia chumba cha Kiingereza, hata neno moja hujaliokota?”

Hilo aliniuliza jirani yangu Mama Senim, siku tulipokuwa tunachambua mboga za hitima kwa Haji Mukti. Wanawake wakaangua kicheko, nami nikacheka nao, kwa sababu swali la jirani usipolicheka litakufuata mpaka nyumbani. Nikamwambia ninachookota mle ni nywele, kalamu na pini za hijabu, Kiingereza hakianguki chini. Yakaisha. Lakini mwaka huu nimelikumbuka swali lake mara nyingi. Yaliyotokea katika chumba kile mimi niliyajua mapema, bila neno hata moja, na waliokijua Kiingereza ndio waliokuwa wa mwisho kuyaona.

Mimi ndiye mwenye funguo za maabara ya lugha katika chuo kimoja hapa Mataram. Nafungua baada ya sala ya alfajiri, nafagia, nafuta meza na kompyuta, nafunga alasiri. Shule niliishia darasa la sita. Mume wangu alipofariki, Mungu amrehemu, chuo kilinipa kazi hii, na sijawahi kuiona ndogo. Chumba kina zulia na kiyoyozi, kwa hiyo hakuna anayeingia na viatu, wote huviacha mlangoni. Ndiyo maana kuwahesabu wanafunzi sihitaji kuchungulia ndani, naangalia kizingitini tu. Viatu vya Satriadi vimekanyagwa visigino. Kandambili za Yuliarti zina ua jeupe. Za Hilmi, mkanda mmoja ulikatika nikaushona kwa uzi mwekundu.

Hilmi ni binti wa marehemu kaka yangu. Mama yake yuko Jeddah mwaka wa saba sasa, anafanya kazi za ndani, na mtoto analala kwangu. Kabla ya hapo alilelewa na bibi mzaa mama yake kule Kuta, pwani, na tangu ana miaka sita alikuwa akiwafuata watalii mchangani na kijiti kilichovishwa bangili za nyuzi. Kiingereza alikipata huko, kwa kubishana, kutaniwa na kufukuzwa. Anakisema kama anavyokula wali, hafikirii mkono unakwenda wapi.

Wenzake sivyo. Mwalimu wao ni Mwalimu Wardatun, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, msomi kwelikweli, aliyekuja kwetu na furaha ya mtu aliyehamia nyumba mpya. Furaha ile niliiona ikiisha wiki kwa wiki. Anauliza swali kwa Kiingereza, darasa zima linatabasamu. Anauliza tena, wanatazama meza. Kwetu mtoto anayewahi kujibu mbele ya wakubwa huambiwa hana malezi, na anayekosea mbele ya wenzake huitwa kwa kosa lake mpaka siku ya harusi. Basi wanatabasamu. Mwalimu alileta nyimbo, akaleta michezo, akawagawa makundi wabishane. Wakatabasamu kwa makundi. Kila siku alitoka mle sauti imemkauka, maana aliyekuwa amesema Kiingereza saa mbili nzima ni yeye peke yake.

“Mama Rehanun,” aliniambia siku moja, amekaa kwenye ngazi kama mtu aliyefukuzwa, “hivi mimi nafundisha watu au nafundisha viti?”

“Viti havitabasamu, Mwalimu.”

“Afadhali viti basi.”

Miaka miwili aliandika barua kuomba mashine. Mwaka huu zikaja: kompyuta mpya, hedifoni zenye maiki mdomoni, na programu ndani yake. Mwanafunzi anaingia kwa jina lake na neno lake la siri, anavaa hedifoni, anasema, na kompyuta inampa alama kati ya mia. Hakuna anayemsikia. Mwalimu alinieleza yote hayo anang’aa uso, ameshika waya mkononi.

“Aibu inaletwa na masikio ya watu, Mama. Sasa masikio tumeyaondoa.”

Mkuu wa kitivo, Bwana Mahrip, akaongeza na utamu. Chuo rafiki kule Penang, ng’ambo ya bahari, kilitoa nafasi moja ya muhula mzima, na atakayeongoza kwa alama za mashine ndiye atakayekwenda. Siku ilipotangazwa, Hilmi alirudi nyumbani, akavuta begi la marehemu mume wangu kutoka juu ya kabati, akalipangusa vumbi, akaliweka chini ya kitanda chake.

“Hata hawajaanza kupimwa, we mtoto,” nikamwambia.

“Nalizoesha harufu yangu, Shangazi.”

“Unataka nini Penang? Wali upo hapa.”

Akasema, “Tangu nijue Kiingereza, sijawahi kuongea na mtu ila namuuzia kitu. Nataka niongee na mtu asiyenunua.”

Maneno hayo yaliniingia. Tangu siku hiyo nikawa namwombea nafasi ile katika kila sujudu, naitaja Penang kwa jina kama vile Mungu haijui iko wapi.

Kazi za mashine zilitakiwa kila Ijumaa kabla ya sala. Wiki ya kwanza chumba kilijaa, kila mtu na hedifoni, midomo inacheza kama samaki. Mashine ikawapa thelathini, arobaini, na kila ilipotoa namba hizo ilizitoa kwa rangi nyekundu. Wakatoka wananong’ona. Wiki ya pili Yuliarti alishikwa na homa, na nilikuwepo mlangoni alipompigia Hilmi simu.

“Hilmi, dada yangu, nakuachia sauti yangu. Neno la siri nakutumia sasa hivi.”

“Haya,” Hilmi akasema. Hakuuliza kitu.

Na kwa nini aulize? Kwetu mtu akisema nakuachia, unapokea. Ukienda msibani hubebi mchele wako peke yake, unabeba na wa jirani mgonjwa, na wa dada yake aliyejifungua, na unapofika unawataja wote kwa majina, na wote wanahesabiwa wamefika. Wanafunzi wanaachiana saini za mahudhurio, wanaachiana vitabu, wanaachiana hata foleni. Kumkatalia mwenzio amana ndogo ni kumwambia humthamini. Mtu anayekataa anakumbukwa kuliko anayeiba.

Wiki ya tatu walikuwa watano. Wiki ya tano sikujua ni wangapi, ila nilijua hesabu ya mlangoni. Alhamisi, alfajiri, mvua imetoka kuacha, kandambili zilizokuwa kizingitini ni jozi moja. Zina uzi mwekundu. Nikasimama na fagio nyuma ya kioo. Hilmi alikuwa ndani peke yake na daftari limefunuliwa. Akavaa hedifoni, akasema, akabonyeza. Akasema tena, akabonyeza. Kiingereza chenyewe kilinipita kama upepo, lakini mwanzoni mwa kila kauli yake kulikuwa na jina, na majina nayajua. Yuliarti. Satriadi. Hamzan. Zuriatun. Lalu Pringgadi, yule mrefu anayesahau mwavuli. Nilihesabu majina ishirini na sita kabla hajainuka kunywa maji.

Nikaingia.

“Hilmi, wenzio wako wapi?”

“Wamelala, Shangazi.”

“Sauti zao zimeamka zenyewe?”

Akacheka, lakini kicheko kilikuwa cha mikwaruzo, koo limekauka. “Wee Shangazi nawe! Unahesabu kandambili kama askari wa kivuko.”

“Nakuuliza.”

“Wameniachia. Nifanyeje? Nimbebee Yuliarti, nimwache Hamzan? Hamzan ndiye anayenipakia kwenye pikipiki kila siku. Nimbebee Hamzan, nimwache Zuriatun, ambaye mama yake alitupikia wakati wa msiba wa baba?”

“Na yako umeshaisema?”

“Namalizia na yangu. Si vizuri kujitanguliza.”

Basi akajivalisha hedifoni mara ya ishirini na saba, akasema kwa jina lake mwenyewe. Sauti ilimkatika katikati, akakohoa, akaanza upya, akakohoa tena. Mashine ikasubiri bila huruma, ikatoa namba nyekundu.

Nyumbani nilimchemshia tangawizi na asali. Nilimsema mpaka nikachoka. Nikamwambia amana ni kitu alichotupa Mungu, lakini huwezi kumbebea mtu mtihani wake, kama ambavyo huwezi kumbebea mtu kaburi lake. Akanywa tangawizi yote, akasema, “Ndiyo, Shangazi,” na Alhamisi iliyofuata kandambili zilikuwa jozi moja.

Nikaamua kumwambia Mwalimu.

Mara ya kwanza nilimkuta amepiga magoti chini ya meza, nyaya zimemzunguka shingoni. “Mwalimu, nina neno kuhusu mashine.” Akatoa kichwa: “Taa ya kijani inawaka huko juu, Mama? Tazama vizuri. Inawaka au inapepesa?” Nikatazama taa. Inapepesa. Akarudi chini ya meza, akakaa huko mpaka adhuhuri.

Mara ya pili nilimkuta ameshika karatasi ya alama, macho yana machozi. “Ona, Mama! Themanini na nane. Tisini na moja. Wamesema! Hawa hawa viti vyangu, wamesema!” Akanikumbatia. Mimi mwenye fagio. Nani angemvunja moyo mtu wakati ule? Nikasema alhamdulillahi, nikaenda kufuta madirisha ambayo hayakuwa machafu.

Mara ya tatu ni baada ya orodha kubandikwa mlangoni. Juu kabisa, alama tisini na nne, Baiq Yuliarti. Chini ya mstari mwekundu, palipoandikwa wanaohitaji msaada wa ziada, kulikuwa na jina moja tu. Hilmiati, ndilo jina kamili la Hilmi, hamsini na nane. Nilisimama mbele ya karatasi ile mpaka herufi zikacheza. Aliyewasemea wote ndiye pekee aliyeambiwa hajui kusema.

Sikubisha hodi siku hiyo.

“Mwalimu, Hilmi hastahili hamsini na nane.”

Akaniwekea kiti. Akanishika mkono, na kwa upole ule nikajua kwamba hatanisikia. “Mama Rehanun, naelewa. Yule ni damu yako. Lakini ndiyo faida ya mashine. Mimi ningeweza kumpendelea kwa sababu yako. Mashine haina shangazi.”

“Sisemi kwa ushangazi. Nasema ninachokiona mlangoni. Umewahi kuzisikiliza sauti zao?”

“Watu ishirini na saba, kila wiki? Ndiyo kazi ya mashine hiyo, Mama, ndiyo maana nimeipigania. Hilmi anakuja madarasa ya ziada, nitamshika mwenyewe, usijali.”

Nilitaka kusema: ni sauti moja, Mwalimu, ni sauti moja tu. Lakini kulisema ni kuwataja vijana ishirini na sita mmoja mmoja, na Hilmi alikuwa amenishika miguu jana yake akiniomba nisiwataje. “Shangazi, ukiwasema, mimi nitapita wapi katika mji huu? Nani atanisalimia?” Nikatoka ofisini nimekunja ulimi. Mpaka leo sijui kama ile ilikuwa subira au woga. Vinafanana sana vikiwa ndani ya mtu.

Wiki ile baba yake Yuliarti akafanya dua ya shukrani. Akaalika mtaa mzima, na mimi na Hilmi tukiwemo. Tukakaa kwenye mkeka, tukaitikia amina, tukala wali na nyama ya mbuzi aliyechinjwa kwa sauti ya mtoto wangu. Mama Senim, mdomo umejaa, akaniinamia.

“Na wako vipi? Nasikia yuko chini ya mstari. Watoto wa pwani ndivyo walivyo, mdomo mwingi, kichwani hamna.”

Hilmi alisikia. Akamwongezea Mama Senim mchuzi. Yuliarti alipita na sinia, hakumtazama Hilmi usoni, akamwekea kikombe upesi, akapita. Si mtoto mbaya yule. Mara mbili nilimwona anamkaribia baba yake, anafungua kinywa, kisha anafika mtu mwingine kumpongeza mzee na mtoto anarudi nyuma.

Siku ya Penang ikafika. Profesa mmoja mwanamke alitaka kuongea na mteule kwenye skrini kubwa, mambo ya kujuana tu, alisema Bwana Mahrip, hakuna mtihani. Maboksi ya vitafunio yakaagizwa, bendera ikatundikwa, darasa zima likaambiwa lije limejivalia batiki. Mlangoni nilihesabu jozi zote ishirini na saba za wanafunzi, mara ya kwanza tangu wiki ile ya mwanzo. Mimi nilikuwa ndani, pembeni, na birika la chai.

Profesa akatokea, mtu mzima, miwani mikubwa, anacheka. Yuliarti amekaa mbele, hedifoni kichwani, maiki mdomoni. Wenzake nyuma yake. Hilmi safu ya tatu.

Profesa akauliza swali.

Yuliarti akatabasamu.

Profesa akauliza tena, polepole, akifanya mkono wake kama kijiko, akiupeleka mdomoni. Hata mimi niliyeishia darasa la sita nilijua ameulizwa asubuhi amekula nini. Yuliarti akatabasamu zaidi. Jasho likamtoka chini ya kiyoyozi. Mwalimu Wardatun akamsogelea, akamnong’oneza, “Jibu tu, Yuli, chochote. Wewe una tisini na nne!” Yuliarti akatazama meza. Bwana Mahrip akakohoa. Kikawa kimya ambacho ningeweza kukifagia.

Hapo Hamzan, kutoka safu ya nyuma, bila kufikiri, kama mtu anayemwambia mwenzake ampokee mzigo, akasema kwa sauti ndogo, “Hilmi, mbebee.”

Na Hilmi akambebea. Sidhani kama aliamua. Mdomo ulizoea. Pale pale alipokaa akajibu, na nikasikia ndani yake neno plesing, ile mboga yetu ya pilipili tuliyokula pamoja asubuhi, maana mimi ndiye niliyeipika. Profesa akacheka mpaka miwani ikateleza. Akauliza kingine. Hilmi akajibu, mikono nayo ikaanza kusema. Profesa akasema kitu kirefu, Hilmi akabisha, profesa akabisha, wakacheka wote wawili, mmoja ng’ambo ya bahari na mmoja safu ya tatu, na katikati yao Yuliarti amekaa kama kizingiti wanachokiruka. Nilimtazama mtoto wangu usoni. Hakuna aliyekuwa akinunua kitu. Ilidumu kama muda wa kunywa nusu kikombe cha chai.

Kisha profesa akaanza kutafuta kushoto na kulia kwenye skrini yake, na swali lake la mwisho sikuhitaji kutafsiriwa. Nani huyo anayesema?

“Mtandao unasumbua,” Bwana Mahrip akasema, akakata.

Mwalimu Wardatun alikwenda kwenye kompyuta ya mwalimu, akafungua hifadhi ya sauti, na kwa mara ya kwanza tangu mashine zije akabonyeza asikilize. Spika za chumba zilikuwa wazi. Yuliarti: sauti ya Hilmi. Akabonyeza Zuriatun: sauti ya Hilmi. Akabonyeza Satriadi, mwanaume mwenye ndevu, na binti wa pwani akajitambulisha kwa sauti nyororo kwamba yeye ni Satriadi. Safu ya nyuma mtu akapasuka kicheko, kikafa hapohapo. Hamzan. Pringgadi. Mwalimu akaendelea kubonyeza kama mtu anayejipiga makofi. Mashine yote ile, namba zote zile, haikuwahi kumshangaa mwanaume mwenye sauti ya msichana.

Mwishoni akabonyeza Hilmiati. Ikatoka sauti iliyokatika, kikohozi, sauti, kikohozi.

Aligeuka akanitazama mimi, si wao. “Mama ulijua?”

“Nilikuja mara tatu, Mwalimu.”

“Ulikuja kunieleza habari za mashine. Ukaja ukasema alhamdulillahi. Ukaja ukaniambia mtoto wako hastahili.” Sauti ilimpanda. “Hukuniambia!”

Alikuwa na haki, na mimi nilikuwa na haki, na haki zetu mbili hazikumsaidia mtu.

Bwana Mahrip alikuwa anasoma simu yake. Penang walikuwa wameandika. Walimtaka yule aliyesema, na si mwingine. Akavua miwani, akapangusa, akavaa. Ni mtu wa makaratasi, si katili. Akatoa fomu ya makosa ya mitihani kwenye mkoba, akaiweka mbele ya Hilmi pamoja na kalamu.

“Binti, sikiliza. Hapa pana visanduku viwili vya kuweka alama. Cha kwanza, walikulazimisha. Ukiweka alama hapo wewe ni uliyeonewa, wao watarudia somo, na wewe Jumatatu nakusainia uende. Cha pili, wewe ndiye uliyeendesha udanganyifu. Hapo huendi popote. Chagua.”

“Hawakunilazimisha, Bwana,” Hilmi akasema.

“Basi uliwauzia.”

“Sikuwauzia. Waliniachia tu.”

“Hakuna kisanduku cha waliniachia.”

Mwalimu Wardatun akaja akasimama kati ya fomu na darasa. Nilimwona anatafuta njia, na akaipata, njia nyepesi kabisa. “Hahitaji kuweka alama,” akamwambia Bwana Mahrip. “Wenyewe waseme. Mmoja tu akisimama akasema mimi nilimwomba, hakunidai kitu, inatosha, nitaandika mimi barua.” Akawageukia. Hakusema Kiingereza. “Nani alimwachia sauti? Kwa lugha yoyote. Kisasak chetu, lugha ya taifa, au nyanyua mkono tu. Sitampiga mtu.”

Watu ishirini na sita.

Wakatabasamu. Tabasamu lile lile la miaka yote, kisha macho kwenye meza. Satriadi alichezea kifungo cha batiki. Mkono wa Hamzan ukaacha paja kidogo, ukarudi. Yuliarti alikuwa analia kwa kwikwi, uso ameufunika kwa ushungi, na nilimsubiri, Mungu shahidi wangu, nilimsubiri kuliko wote, lakini kilio si mkono.

“Jamani,” Mwalimu akasema. “Jamani! Hata hili mnataka awasemee?”

Kiyoyozi kikavuma. Hilmi alikuwa amegeuka kwenye kiti chake, anawapitia mmoja mmoja kwa utaratibu, kama anavyowapitia kwenye daftari lake, labda kwa mpangilio uleule. Alipofika wa mwisho akageuka mbele, akaitazama fomu.

Nami, mwanamke ninayeswali sala zangu tano, ninayejua uongo una uzito gani, nililiweka birika chini nikasema mbele ya watu wote, “Weka alama kwenye cha kwanza, mwanangu. Saini uende. Mungu atanihesabia mimi.”

Akaniangalia. Sikuwahi kuona jicho lile kwake. Halikuwa na hasira. Lilikuwa jicho la mtu anayeachiwa mzigo mwingine tena, mlangoni, wakati mikono imekwisha kujaa.

Akavua hedifoni iliyokuwa shingoni. Akaukunja waya wake vizuri, kama nilivyowafundisha wote na asifuate mwingine yeyote, akaitundika kwenye ndoano. Kalamu akairudisha juu ya fomu, ikiwa imefunikwa, fomu nyeupe vilevile. Daftari lenye majina na maneno yao ya siri akalichukua akalitia kwapani. Mwalimu akasema, “Hilmi, subiri, bado hatujamaliza,” na Bwana Mahrip akasema kitu kuhusu Jumatatu.

Mlangoni jozi zilikuwa zimepandana. Hilmi akainama, akazisogeza moja moja bila haraka mpaka akazipata zake, zile za uzi mwekundu. Akazivaa, akashuka ngazi.